Nimepoteza vifaru vitatu kwa sababu ya nyasi: uzi wa michoro ya ardhi kwenye magemu ya vita vya kihistoria

Mpiga Kete (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Juzi usiku umeme ulikuwepo, nikasema leo nacheza. Gemu yenyewe ni ya Vita Kuu ya Pili, ya 3D, jina nalihifadhi. Ardhi imechorwa ukaipenda. Nyasi zinapepea, wingu linapita na kivuli chake kinatambaa juu ya shamba la ngano. Mbele yangu naona uwanda mtupu kama kiwanja cha mpira, nikapeleka vifaru vitatu. Kumbe katikati ya zile nyasi kuna kibonde, kina chake mtu kusimama, na ndani yake mzinga wa kupigia vifaru umejilaza unasubiri. Dakika moja na nusu, vyote vitatu vinafuka moshi. Nikashusha kamera chini kabisa, usawa wa panya, ndipo nikakiona. Ukitazama kutoka juu hukioni hata ufanyeje, maana nyasi za bondeni na za uwandani zimepakwa rangi ileile.

Nililala nimenuna. Asubuhi nikajiuliza, kosa ni langu au la mchoraji? Askari wa kweli pengine naye asingekiona kile kibonde. Lakini afisa wake ana ramani ya kontua, ile yenye mistari ya vimo, mkononi. Mimi nimepewa nyasi.

Hoja yangu ndiyo hii: kwenye gemu ya vita, mchoro wa ardhi ndiyo sheria yenyewe. Kijani kilichokolea maana yake hapa mwendo unapungua, hapa huonekani, hapa risasi zinapotea. Mchezaji hasomi kitabu cha sheria kila zamu, anasoma ramani. Picha ikisema hivi na hesabu za ndani zikisema vile, basi hujashindwa na adui, umeshindwa na mchoraji.

Na ugomvi huu haukuanza na kompyuta. Ulianza ndani ya familia moja. Mwaka 1812 kule Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita. Ilikuwa meza ya kifahari, ardhi yake ni vigae vya plasta vyenye vilima, mito na vijiji, unavipanga upya upendavyo. Ikulu ikafurahi. Akaja mwanawe, afisa wa mizinga, akaachana na vigae vyote. Mwaka 1824 yeye alitoa ramani ya karatasi ya skeli 1:8,000, vipande vya madini ya risasi vyekundu na vya buluu, dadu, na mwamuzi. Basi. Mkuu wa maafisa wa jeshi, Karl von Müffling, akaona, akaipendekeza kwa jeshi zima. Meza ya baba ikabaki kuwa fanicha ya ikulu, ramani ya mwana ikaenda kambini. Kila nikiona watu wanabishana kama gemu iwe nzuri au iwe na ramani kavu, nawakumbuka wale wawili.

Sasa tuje kwenye heksi, yaani vile vyumba vya pembe sita. Charles S. Roberts, mwanzilishi wa kampuni ya magemu ya mezani ya Avalon Hill, alianza na miraba ya kawaida kwenye Tactics mwaka 1954. Ilipofika 1961 magemu yake yakawa na heksi, na tangu hapo sisi sote tumekuwa nyuki. Kwa nini pembe sita? Chukua daftari la hesabu. Ukisogea mraba mmoja mbele umekwenda hatua 1. Ukisogea mshazari umekwenda hatua 1.41, lakini gemu inakuhesabia 1. Matokeo yake kila mwenye akili atakwenda mshazari, jeshi zima linatembea kama kaa. Heksi ina majirani sita na wote wako umbali mmoja. Tatizo limekwisha.

Limekwisha upande mmoja, limezaliwa upande mwingine. Mungu hakuumba mto wenye pembe sita. Mto utauweka wapi, ndani ya heksi au kwenye ukingo kati ya heksi mbili? Linaonekana swali dogo, ila hapa ndipo wabunifu wanaachana njia. Panzer General ya mwaka 1994 iliweka mto ndani ya heksi. Kwa hiyo kikosi chako kikiwa katikati ya kuvuka kinamalizia zamu kikiwa mtoni, majini, na adui akikipiga hapo kinakufa kifo kibaya. War in the East ya mwaka 2010 imeweka mto kwenye ukingo. Huwezi kuwa mtoni. Uko upande huu au ule, na unalipa gharama ya kuvuka. Ya kwanza inakupa picha ya viboko, divisheni nzima imezama hadi shingoni zamu nzima. Ya pili haina kichekesho, lakini ukitazama ramani unajua papo hapo mstari wa ulinzi uko wapi. Mimi nasimama na ya pili, ingawa mto wenyewe unaishia kupinda kama meno ya msumeno.

Kuna jambo moja linaniuma nikiona gemu za leo zinahitaji kadi ya grafiki ya bei ya pikipiki. Mwaka 1981 Chris Crawford alitoa Eastern Front (1941) kwenye Atari, mashine ambayo ukiijaza kabisa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48. Picha moja ya WhatsApp inaizidi. Lakini ile ramani ilikuwa inateleza laini chini ya kidole, na majira yakibadilika rangi ya ardhi nayo inabadilika. Theluji ikija, nchi inageuka nyeupe. Hakuna jani hata moja lililochorwa, ila ukiona weupe tumbo linakukata, maana unajua vikosi vyako vya Ujerumani viko mbali na nyumbani. Huo ndio mchoro wa ardhi ninaoutaka mimi.

Nina sababu ya kuuliza haya yote. Nimeanza kutengeneza pambano la Tanga, Novemba 1914. Nimekulia huko. Nimekwama kwenye aina za ardhi. Nitaeleza mbele, kwanza nisikie wataalamu.

Siti ya Mbele

Nimewahi. Mleta uzi usitukimbie.

Kontua 20

Mkuu umegusa mlango wangu. Mimi ni mpima ardhi, magemu nacheza ya kuibia muda. Nina mawili matatu.

Kwanza kivuli cha vilima. Ramani nyingi zenye kivuli zimechorwa kana kwamba jua linatoka kaskazini-magharibi, yaani kona ya juu kushoto. Kwa nchi za kaskazini kama za Ulaya jua la mchana halikai kule hata siku moja, lakini ni lazima uchore hivyo. Ukiweka mwanga utoke chini ya ramani, macho yanageuza kila kitu: bonde linaonekana kilima, kilima kinaonekana shimo. Chukua ramani ya milima yenye kivuli, igeuze juu chini kwenye simu yako sasa hivi utaona. Sasa fikiria gemu ya 3D inayokuruhusu kuzungusha kamera nyuzi 360 na mwanga umebaki palepale. Ukiwa upande wa pili, unasoma bonde kama tuta. Huenda vifaru vyako vilikufa hivyo.

Pili, kimo. Kule Gettysburg, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tarehe 3 Julai 1863, wanajeshi wa Kusini kama 12,500 walivuka uwanda wa zaidi ya kilomita moja kuipanda Cemetery Ridge. Unajua huo mgongo umeinuka kiasi gani juu ya ardhi inayouzunguka? Kama mita 12 tu. Jengo la ghorofa nne. Ukiuchora kwa kipimo cha kweli kwenye skrini, kilomita moja kwa mita 12, ni sakafu. Mchezaji hatauona, atauliza kwa nini jeshi lake limeyeyuka. Kwa hiyo mbunifu anaongeza kimo mara mbili, mara tatu. Ni uongo, lakini ni uongo unaomfikisha mtu kwenye ukweli. Mguu wa askari aliyebeba bunduki juani ulizihisi zile mita 12, jicho lako mbele ya kompyuta halizihisi.

Tatu, wanaosema "tuchukue data ya setilaiti, mambo yaishe". Chombo cha anga cha Endeavour kilipima vimo vya sehemu kubwa ya dunia kwa rada Februari 2000, na data iko wazi, mimi naitumia kazini. Lakini rada ile kwenye msitu mnene inapima zaidi vichwa vya miti kuliko udongo. Halafu inapima ardhi ya mwaka 2000. Nenda Waterloo, Ubelgiji, alikoshindwa Napoleon. Katikati ya uwanja kuna kilima kikubwa chenye sanamu ya simba juu yake, mita arobaini na kitu. Hakikuwepo siku ya vita, 18 Juni 1815. Kilijengwa miaka ya 1820, na udongo wake ulichotwa kwenye ule mgongo wa ardhi ambao Wellington, jenerali wa Waingereza, alificha askari wake nyuma yake. Kwa hiyo setilaiti inakuzidishia kilima ambacho hakikuwepo na inakupunguzia mgongo uliokuwepo. Ukitengeneza gemu ya Waterloo kwa data hiyo bila kuisahihisha, umechezesha watu vita nyingine.

Mpinga Heksi

Jamani tusidanganyane. Haya yote ni kujitetea kwa watu wenye mashine dhaifu, wanazeeka na vyumba vyao vya nyuki.

Mimi nataka kuogopa. Nikicheza Combat Mission niko chini, kwenye matope, naona ukuta, nyuma ya ukuta sijui kuna nini. Hiyo ndiyo vita. Ramani ya heksi inakupa jicho la Mungu, kila heksi imeandikwa "msitu mwepesi, ulinzi asilimia kadhaa". Kamanda gani duniani aliambiwa asilimia? Mleta uzi amepoteza vifaru vitatu kwa sababu hakutuma watu wa miguu mbele kuangalia. Nyasi zimeonewa.

Na wale Waukraine wa Graviteam wamechora ardhi ya gemu yao ya Mius-Front kutoka ramani za zama zile, kilomita na kilomita za uwanda na makorongo. Ukitembea humo dakika kumi unaelewa kwa nini watu walikuwa wanagombania kakorongo kamoja wiki nzima. Heksi haitakuambia hilo.

Mpiga Kete

Mkuu Mpinga Heksi, hapo kwenye kutuma watu mbele umenipiga pazuri, nakubali. Makosa yangu.

Ila nikukumbushe kitu. Combat Mission ya kwanza, mwaka 2000, ilikuwa inachora askari watatu tu kusimamia kundi zima la watu kumi au zaidi. Hakuna aliyelalamika kwamba wenzao wamekwenda wapi, kwa sababu kila mtu alijua wale watatu ni alama, ni kete zenye miguu. Ilipokuja Shock Force mwaka 2007 kila askari akachorwa mwenyewe. Hapo ndipo malalamiko yalipoanza: "huyu mbona kichwa kiko juu ya ukuta na mwenzake ubavuni kwake haoni kitu?" Ni kwa sababu chini ya ile ngozi nzuri kuna miraba ya mita 8 kwa 8, na hesabu nyingi zinafanyika huko. Picha ikikaribia ukweli, jicho linadai ukweli wote. Ikibaki alama, jicho linasamehe.

Afande Mstaafu

Vijana hamjambo. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu.

Mimi sijui magemu, lakini ramani nimezisoma jeshini miaka 27. Nimeona kwenye picha za magemu hayo vile visanduku vya alama za vikosi. Naona wengi wanavilalamikia kwamba havina uhai. Havina uhai kwa asiyejua kusoma. Sanduku lenye msalaba ni askari wa miguu, ule msalaba ni mikanda miwili iliyopishana kifuani. Mstari mmoja wa mshazari ni wapanda farasi, mkanda wa upanga. Duara refu ni mnyororo wa kifaru. Nukta nyeusi katikati ni tufe la mzinga. Juu ya sanduku ndiyo ukubwa: nukta tatu ni platuni, kijiti kimoja kombania, viwili bataliani, vitatu rejimenti. Kisha X moja brigedi, mbili divisheni, tatu kori, nne jeshi. Ukishazoea, unatazama ramani kwa sekunde tano umejua nani yuko wapi na ana nguvu gani. Picha ya kifaru kizuri haikuambii kama ni kifaru kimoja au mia mbili.

Sisi tulikuwa tunafundisha kwa mchanga. Unachota mchanga, unamwagia maji ushike, unafinyanga kilima. Kamba ya buluu ndiyo mto, majani ya mwarobaini ndiyo msitu, kopo la maziwa ndiyo daraja. Hakuna kuruta aliyewahi kuniambia "afande, kopo hili halifanani na daraja".

Kitu ninachokitafuta kwenye ramani zenu na sikioni ni udongo. Mnachora majani ya juu, hamchori udongo wa chini. Mbuga nyeusi, ile ya udongo wa mfinyanzi, kiangazi unapitisha lori la tani kumi unaimba. Mvua ikinyesha saa mbili, lori halitoki hadi mvua ziishe. Kwenye picha ni nyasi ileile.

Mpiga Kete

Shikamoo Afande. Umenifungua macho kwenye kopo la maziwa.

Kuhusu udongo, magemu makubwa ya vita vya Urusi angalau yanajaribu. Matope ya vuli yakiingia, ramani nzima inabadilika na malori ya chakula na mafuta yanasimama. Lakini kwa kweli ni hali ya hewa inayopakwa juu ya nchi yote kwa brashi moja. Kwamba kilima hiki ni kichanga na bonde lile ni mfinyanzi, ni wachache wanaofika huko.

Afande Mstaafu

Marahaba. Basi wafike.

Bi Rangi

Mimi nachora matangazo na vifungashio, mume wangu ndiye mgonjwa wa haya magemu. Nimesoma uzi wote nikiwa nasubiri foleni, nimeshindwa kunyamaza.

Nyie wote mnazungumza umbo, hakuna aliyegusa rangi. Tatizo la ramani nyingi alizonionyesha mume wangu ni kwamba ardhi na kete vinapigania sauti. Msitu kijani kali, mto buluu kali, barabara nyekundu, halafu juu yake kete nyekundu na za kijani. Jicho linaruka kila mahali, halitulii. Ardhi ipoe, iwe na rangi za chai ya maziwa, kijani kilichofifia, buluu ya jinsi iliyofuliwa sana. Kete ndizo zivae rangi za sherehe. Alinionyesha moja inaitwa Unity of Command, ya mwaka 2011, ardhi imetulia na vikosi ni visanamu vya kichwa na mabega. Hiyo sikuhitaji kuelezwa. Nilijua nani ni nani nikiwa nimesimama mlangoni na chai.

Halafu kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni kama mmoja kati ya 12, na ndio wengi kwenye huu mchezo. Ukimpa huyo msitu wa kijani na eneo la adui limepakwa nyekundu hafifu, umempa ramani ya rangi moja. Dawa yake watu wa ramani za karatasi waliijua zamani: usitegemee rangi peke yake. Msitu uwe na vimiti, kinamasi kiwe na vistari vya ulalo na vijani, shamba liwe na mistari ya jembe. Ukiitoa rangi yote ikawa nyeusi na nyeupe, bado isomeke. Hicho ndicho kipimo changu hata kwenye pakiti ya majani ya chai.

Na theluji! Mnaisifu theluji. Ile nyeupe ikishakuja, kila alama nyeupe iliyokuwa inasomeka vizuri wakati wa kiangazi inapotea. Lazima kete ziwe na ukingo mweusi kuanzia mwanzo. Mchoraji anayesahau majira anachora ramani ya Juni peke yake.

Mwana wa Mvita

Ndugu zanguni, mimi niko Mombasa, mashine yangu ni ya mtumba, kioo chake kimepasuka kona. Mpinga Heksi asitucheke. Panzer Campaigns za marehemu John Tiller zinakwenda hapa bila feni hata kupiga kelele. Heksi moja kilomita moja, zamu moja ya mchana saa mbili, bataliani kwa bataliani. Nikivuta ramani nikaiona yote, inafanana na ramani niliyokuwa nikitundikiwa ukutani skuli. Ni mbaya kwa sura, nakubali. Lakini kuna watu wamezichora upya, wanatoa modi bure: misitu mipya, barabara nyembamba, majina ya miji kwa herufi zinazosomeka. Gemu ni ileile, hesabu ni zilezile, ila ukibadilisha michoro unacheza tofauti. Mimi nilikuwa sijui kama kuna daraja fulani mpaka nilipoweka modi. Lilikuwepo miaka yote, limechorwa kama uchafu wa kioo.

Mpinga Heksi

Hilo la daraja ni ushahidi wangu mimi sasa. Ramani yako kavu nayo imedanganya.

Mwana wa Mvita

Naam, lakini kuirekebisha ilinichukua dakika tano na faili la picha. Wewe ukitaka kurekebisha kibonde cha mleta uzi utaanzia wapi?

Kontua 20

😂 Mvita kamaliza.

Kwa faida ya wote, kuna njia ya kati ambayo watu wameisahau. Close Combat ya mwaka 1996. Ardhi imepakwa kwa mkono, unaitazama kutoka juu, kila mti na ukuta una kivuli chake. Ni nzuri na wala si 3D. Lakini ukimwamuru mtu apige risasi, mstari unatoka kwake kwenda kwa kipanya chako: kijani cha kung'aa, anaona vizuri; kijani kilichofifia, kuna kinachozuia nusu; nyekundu, haoni. Picha inapendeza, na ukiiuliza swali inakujibu.

Mpiga Kete

Kontua, hapo ndipo nilikuwa nataka kufika, umenitangulia. Sina ugomvi na nyasi. Nataka nyasi zijibu nikiziuliza.

Sasa Tanga, nilivyoahidi.

Kwa wasiojua: tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika zikiwa na kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Walishuka Ras Kazone, kwenye mikoko na miamba ya matumbawe. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashusha askari wake kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, akawa na kama 1,000. Tarehe 4 Waingereza wakasonga kuelekea mjini, wakapotelea vichakani, wakapigwa. Tarehe 5 wakarudi melini, wakaacha risasi 600,000 ufukweni na bunduki za kutosha. Aitken alidharau upelelezi, hakujua mbele yake kuna ardhi gani. Ndiyo maana nasema hii ni vita ya ardhi kuliko ya risasi.

Tatizo la kwanza ni skeli. Kwa heksi za War in the East, maili 10 kila moja, vita nzima kuanzia ufukweni hadi stesheni inaingia ndani ya heksi moja na inabaki nafasi. Kwa heksi za kilomita moja nazipata tatu au nne tu kutoka Ras Kazone hadi mjini. Nimeamua heksi ya mita 100.

Tatizo la pili ndilo lililonileta kwenu. Sehemu ya kutengeneza ramani ninayotumia inanipa hivi: uwanda, shamba, bustani ya matunda, msitu mwepesi, msitu mnene, kinamasi, kijiji, mji. Ni orodha ya mtu wa Ulaya. Sasa mikoko ni nini hapo? Ni kinamasi? Kinamasi cha Urusi unaona ng'ambo yake. Kwenye mikoko huoni mkono wako, na maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Shamba la mpira ni nini? Nikiliweka "msitu" nimekosea, maana miti ya mpira imepandwa kwa mistari. Ukisimama kwenye mstari unaona mbali mpaka mwisho wa shamba, ukigeuka kidogo unaona ukuta wa mashina. Bunduki ya rasharasha ikiwekwa mwisho wa mstari, ule mstari ni bomba. Na msitu wa gemu hauna upande, unazuia kuona sawa pande zote. Mkonge nao: mtu anaona juu yake vizuri, lakini jaribu kukimbia humo uone miguu yako.

Ule mkato wa reli ndio umenipa raha. Ni korongo la kuchimbwa, liko kati ya ufukwe na mji, na askari wa Lettow walilitumia kama handaki. Nimeliweka kwenye ukingo wa heksi kama mto usio na maji. Kwa mbali linaonekana kamstari kembamba tu ka reli. Nimejaribu na mdogo wangu, akaingiza bataliani nzima humo bila kujua. Nikacheka, kisha nikakumbuka vifaru vyangu vitatu. Nimerudi nimelipaka kivuli upande mmoja, kulia chini, kama Kontua alivyosema. Sasa linaonekana.

Kontua 20

Subiri. Kwa shimo kivuli kinakaa juu kushoto. Kulia chini umelifanya tuta.

Mpiga Kete

Aisee. Ndiyo maana jana alilipanda akidhani ni ngome.

Bi Rangi

Mikoko ipe mchoro wake mwenyewe, usiazime kinamasi. Vimiti vyenye miguu mingi juu ya vistari vya buluu. Mtu wa Tanga atajua, mtu wa Berlin atauliza, na akiuliza atajifunza.

Afande Mstaafu

Na njia za ng'ombe na za watu wa shamba uziweke. Aliyejua vichochoro siku ile alipata faida kuliko aliyekuwa na watu wengi.

Mpinga Heksi

Ukimaliza nitumie nijaribu. Nitakuwa Muingereza. Simaanishi kwamba nimekubali.

Siti ya Mbele

Mleta uzi, swali moja tu. Kwenye ramani yako umeweka mizinga mingapi?

Mpiga Kete

Ya chuma au ya nyuki?

Siti ya Mbele

Ya nyuki. Bibi yangu alikuwa anasema wale nyuki waliowavamia askari siku ile Tanga ndio walioshinda vita.

Mpiga Kete

Waliuma pande zote mbili, mwambie bibi. Nimeweka kumi na moja, juu ya miti, nukta za njano kwenye kijani. Bi Rangi usinipige, nazibadilisha usiku huu nikimaliza kurudisha kivuli cha reli mahali pake.